Valvu Mpya na Serikali Iliyohama

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Serikali bado iko kwa wazazi wake. Serikali ni mke wangu, jina nilimpa mwenyewe. Kaondoka na begi, mto wake na pasi. Pasi! Shati langu leo limekunjamana kama la mtu aliyelala nalo. Na kweli nililala nalo.

Kosa langu hata si kosa. Yeye anaoka mikate bekari. Aliniambia kitandani kuwa tajiri wake anataka kumfanya msimamizi wa zamu, lakini usimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nilimwambia kinyozi. Kufika jioni mtaa mzima unampongeza, na mwenzake mmoja kazini kawahi kumchongea kwa tajiri kwamba ameshaanza kujitapa. Usimamizi akapewa huyo mwenzake. Mimi nilikuwa nafurahi kwa niaba yake tu! Mtu akifurahiwa anahama?

Baba mkwe kapiga simu. Jumamosi niende, tuzungumze kama watu wazima, na maneno niende nayo machache. Kasema na hili pia, polepole, maana yule ni fundi saa na hana haraka: mke wangu akisema harudi siku hiyo, basi tena, asinione getini kwake.

Nyumba kubwa hii. Sikujua ni kubwa.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango umekuja nikiwa napiga mswaki. Nitaingia kwa wakwe na gari. Sio kuingia hivi hivi. Kuingia kunakosikika! Mwanaume aliyebadilika lazima asikike toka kona.

Tatizo, gari lenyewe siku hizi linapanda kilima kama bibi harusi anayejivuta. Lina tabo, ile feni ya kuisukumia injini upepo, lakini nguvu hakuna. Nimelipeleka kwa fundi tunayemwita Bubu. Anasema sana, ila na injini tu. Kafungua boneti, kasikiliza, kachomoa kidude kama kikombe cha plastiki pembeni ya tabo. Valvu. Mpira wa ndani umechanika.

Kanieleza kidude hicho kinafanya nini, na imenifikirisha. Ukikanyaga mafuta tabo inasukuma upepo. Ukiachia ghafla, upepo bado unakuja na mlango wa injini umefungwa. Lazima upate pa kwenda, la sivyo unarudi kuipiga tabo yenyewe. Basi valvu inaupokea na kuurudisha ndani kimya kimya. Hakuna anayejua. Gari linaendelea.

Nikasema huyo ndiye mke wangu kabisa! Kila kitu anarudisha ndani. Ndiyo maana kachanika.

Bubu akataka kunifungia nyingine ya aina ile ile, ila ya chuma, ngumu zaidi. Lakini kwenye rafu nikaona yenyewe. Inang'aa kama jino la dhahabu. Nikauliza ile je? Kasema achana nayo, ile hairudishi upepo ndani, inautema nje. Inapiga kelele: pshhhhh!

Kasema inapiga kelele kana kwamba ni ubaya!


Jumatano, tarehe 5 Juni

Imefungwa. Nimebadilishana na redio ya sebuleni. Bubu kakubali kwa shingo upande, kanionya mara tatu. Kompyuta ya gari, anasema, inaupima upepo unaoingia na kumwaga mafuta kulingana nao. Ukiutema upepo nje, kompyuta haina habari. Inaendelea kumwagia mafuta upepo ambao umeshaondoka. Nikamjibu fundi wangu, hata mimi naendelea kupika wali wa watu wawili.

Hakucheka. Nimefika nyumbani nimepika wali wa watu wawili.

Lakini sauti! Nimezunguka mtaa mzima. Kanyaga, achia, pshhhh! Mbwa wa jirani kaingia chini ya ngazi. Jirani, yule mwalimu wa udereva anayeosha gari lake kila siku kama mtoto mchanga, kauliza kama tairi limepasuka. Wivu mtupu. Nimempitia tena, nimempigia nyingine. Kafunga dirisha.


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Dosari kidogo. Nikiachia mafuta na kukanyaga klachi ili nisimame, linapiga pshhhh halafu linazima. Likizima haliwaki mpaka linune weee. Bubu kachomoa plagi, nyeusi kama sufuria ya kuni, zimelowa mafuta. Kasema nilikwambia. Nikamwambia bwana, wewe ndiye fundi, nitibie. Kasema dawa ni kuirudisha ile ya kimya, dakika chache tu anamaliza.

Nikafikiria. Kimya kesho? Mbele ya wakwe? Nikasema tuiache, nitakuwa sisimami tu.

Bubu kauliza kule kwa wakwe utashukaje bila kusimama. Swali la kisomi. Mimi niliishia darasa la tano.

Jioni nimeandika hotuba. Kurasa mbili. Inaanza na hali ya ndoa duniani.


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Niandike taratibu, maana leo nusura nifukuzwe na leo nimepiga chapati mbili za mama mkwe.

Nilipoingia kona ya kwao niliwaona wote wamekaa barazani wananisubiri. Baba mkwe na miwani yake, mama mkwe na kanga mpya, mke wangu kajiegemeza nguzoni, mikono kaikunja. Nikaachia mafuta. Pshhhh! Safi kabisa. Na injini ikaanza kutetemeka, nikajua inakufa. Kufia getini kwa wakwe kabla ya salamu? Nikakanyaga tena, nikapita. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema shikamooni. Marahaba ilibaki nyuma huko.

Mtaa wao unazunguka, nikarudi. Pshhhh! Mama mkwe, mtu wa heshima zake, akasema afya! Kadhani nimepiga chafya. Gari likatetemeka, nikapita tena. Nikasema habari za tangu siku nyingi. Baba mkwe akasimama.

Mzunguko wa tatu, pshhhh! Afya, mwanangu! Majirani wameshatoka na viti. Nikamsikia baba mkwe anamuuliza binti yake huyu bwana amekuja kukuchukua au amekuja kututambia. Wa nne, mama mkwe akapaza sauti kwamba gari lina mafua, lijifukize. Watoto wa jirani wakaanza kuitikia wote pamoja: afyaaa!

Wa tano mke wangu alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Nikasimama. Pshhhh. Likazima.

Kimya nilichokisikia pale sijawahi kukisikia. Kaja mpaka dirishani. Kasema haya, sema. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta hotuba. Haipo. Nimeiacha juu ya friji. Nikafungua mdomo na ndani hamna kitu, hata mzaha mmoja. Nikamwangalia. Amekonda. Kwenye mkono ana alama mpya ya tanuri, imeiva, na mimi sikuwepo ilipoungua.

Nilitaka kusema mkono, mkono wako. Machozi yakanilenga, nikasingizia moshi.

Akanigusa kola. Kasema vua hilo shati, unanitia aibu kwetu.

Basi nimekaa sebuleni kwa wakwe nimevaa koti la baba mkwe, kwapa zinanibana, mke wangu anapiga pasi. Saa za mzee ukutani zinasema zenyewe. Mwishowe baba mkwe akavua miwani, akanitazama, akasema kumbe wewe ukizimwa unakuwa mtu.

Mke wangu akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, ikambidi aweke pasi chini. Nikajua narudi naye.

Tulisukuma gari mpaka mteremkoni, mkwe kwenye usukani, mimi na Serikali nyuma, bega kwa bega. Likawaka. Mama mkwe akasema afya.


Jumapili, tarehe 9 Juni

Njiani jana, giza likianza kuingia, aliniambia jambo. Alianza mara mbili akaacha. Kasema leo umenyamaza, nimejisikia naweza kukwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Anataka kufungua bekari yake. Baba mkwe kampa kile chumba cha mbele alichokuwa akitengenezea saa. Kilichobaki ni tanuri. Tajiri wake anauza tanuri lake la zamani, na baba mkwe ameshaelewana naye kulinunua. Tajiri hajui linakwenda kwa nani. Anachukia washindani kama panya. Akijua, haliuzi, na kazi pia siku hiyo hiyo basi. Tanuri linachukuliwa Jumatano. Mpaka Jumatano, asijue mtu. Aliniuliza umenielewa? Asijue mtu. Nikaapa. Akasema safari hii nikihama sitabeba pasi tu, nitabeba kila kitu.

Leo asubuhi kaamka kabla yangu, kakuta nafasi ya redio tupu. Kaniangalia. Nikamwambia yote. Kasema nenda karudishe hiyo chafya ilikotoka.


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Bubu kaitoa yenye kelele, kafunga ile ya chuma ya kimya. Redio kanirudishia bila kuongeza neno. Huyo jamaa anapenda haki kuliko biashara, hatatajirika.

Nimelipeleka gari kilimani. Limepanda kama limeitwa! Nikaachia mafuta, nikategea sikio. Hakuna kitu. Upepo umerudi ndani, gari linaendelea, injini imetulia kama mtu aliyeshiba. Nimezima redio ya gari nisikilize vizuri hicho kimya.

Nimefikiri sana pale juu. Labda nguvu ni ile usiyoisikia. Labda mtu naye ana mahali ndani pa kurudishia maneno, na yakirudi yanamsukuma mbele. Nimeyaandika haya nyuma ya hotuba ile. Ni mazuri mno, lazima nimsomee mtu.


Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimemsomea kinyozi.

Kayapenda. Kauliza nimeyatoa wapi maneno mazito hivyo, na huwezi kueleza maneno bila kueleza chanzo chake. Ikabidi nianzie mwanzo. Valvu, mizunguko mitano, koti la mkwe. Watu wanacheka mpaka wembe unasimama hewani. Kufika sehemu ya njiani nikashusha sauti, nikamwapisha kinyozi kwanza. Siri ni siri.

Kiti cha pili kulikuwa na mzee mmoja tu, amefunikwa taulo la moto usoni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasikiliza. Nikamweleza kinyozi habari ya bekari. Kinyozi akanikanyaga mguu. Nikamwambia angalia unapokanyaga, bwana. Nikamweleza habari ya tanuri, tena linatoka kwa tajiri wake mwenyewe na mzee wa watu hana habari! Kinyozi akawa anakohoa tu. Nikamwambia afya.

Chini ya taulo sauti ikauliza tanuri linachukuliwa lini. Nikasema kesho Jumatano, Mungu akipenda. Akasema yeye pia ni mtu wa mikate, toka ujana. Mtu wa mikate! Ndio bahati hizo. Nikamwambia basi mzee wangu wewe utatufaa kwa ushauri, na siku ya kufungua uje, utakaa mbele. Nikamtajia mke wangu anavyoitwa pale kazini. Kasema anamfahamu, tena vizuri sana, na kesho saa kumi na mbili asubuhi atakuwa naye ana kwa ana. Dunia ndogo!

Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Serikali imepika, imeimba jikoni, imeniuliza mbona natabasamu peke yangu. Sijasema kitu. Hata nusu neno! Nataka kesho akifika kazini ashtukie mwenyewe.