Malalamiko ya Mizigo Kumi na Mmoja na Mnara Ambao Sikuuona

Boniface Mutai,
Beltsville, Maryland.
Tarehe 3 Novemba, 2005.

Kwa Dada Euphrasia,
Katibu wa Matangazo,
Ibada ya Kiswahili.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU KUTANGAZA SAFARI ZA WAUMINI

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, na nyingine kidogo za ziada, maana nimelelewa vizuri. Natumaini u mzima, sauti haijakauka, na kile kipaza sauti unachokipenda bado kinafanya kazi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa bega la kulia, ambalo halijarudi kutoka Ulaya.

Kama unavyojua, tulikwenda watu wanne kwenye mkutano wa kwaya huko Brussels: mimi, Nyaguthii yule muuguzi wa Columbia, Bupe anayefanya kazi ofisini Arlington, na Domina wetu wa Bukavu, tuliyemchukua kwa sauti yake na kwa Kifaransa chake. Mkutano ulikwisha Ijumaa. Ndege ya kurudi ilikuwa inaondokea Paris Jumapili asubuhi. Katikati palibaki siku moja, Jumamosi, nami nilikuwa nimeipangia kazi moja tu: kupanda treni ya saa nne asubuhi, kufika Paris kabla ya adhuhuri, na kuuona Mnara wa Eiffel.

Labda unajiuliza mtu mzima wa miaka hamsini na minne ana haja gani na mnara. Nilifundisha jiografia Londiani, kule Kenya, miaka kumi na tisa kabla sijaja huku kuwaogesha wazee wa watu. Kila mwaka niliuchora mnara ule ubaoni kwa chaki, na kila mwaka kuna mtoto aliyeinua mkono kuuliza kama mwalimu ameshauona. Nilijibu bado. Miaka kumi na tisa ya bado, Dada! Sasa nilikuwa na viza, nilikuwa na tiketi, na nilikuwa na Jumamosi. Jumamosi hiyo nimeporwa, na aliyewafungulia wezi mlango ni wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba Jumapili ya tarehe 25 Septemba ulisimama mbele ya watu ukasema, na ninakunukuu, "Wapendwa, wenzetu wanne wanakwenda Ulaya, mwenye chochote aonane nao." Hukusema Brussels. Ulisema Ulaya. Hukusema barua, wala picha. Ulisema chochote. Sikuwa nimefika kwenye gari langu nikawa tayari nina mizigo minne mikononi, na kufikia Jumatano ilikuwa kumi na mmoja. Niligawa na wenzangu. Nyaguthii alichukua mmoja akaniambia yeye ana mgongo. Nilidhani sote tunayo.

2. Kwamba waumini wenzangu, watu wenye digrii na nyumba za kununua, wanaamini Ulaya ni ndogo kuliko kaunti yetu hii ya Prince George's. Shemasi wetu mpendwa alinikabidhi sufuria ya umeme ya kupikia wali, ndani ya boksi lake, nimpelekee mpwa wake Cologne. Nikamwambia Cologne iko Ujerumani. Akaniambia, "Lakini Mwalimu, si ni hapo tu?" Nilimfungulia atlasi. Akaitazama kwa adabu, kisha akalisukuma boksi upande wangu. Sikupata hata nafasi ya kumwambia kwamba plagi ya Marekani haiingii kwenye ukuta wa Ulaya, kwa hiyo mpwa angepokea sufuria isiyopika kitu, yenye upendo mwingi.

Lakini wa kulaumiwa zaidi ni Mama Anysie. Yeye alileta kifurushi laini, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni na kushonwa kwa uzi kama gunia, na juu ameandika kwa kalamu: "Yohan, Matonge, Brussels, nyuma ya saluni." Ndiyo anwani hiyo. Hakuna namba ya nyumba wala ya simu. Nilipouliza ni saluni gani, akanijibu, "Ukifika utauliza, baba." Namba ya simu ipo, alisema, ila Yohan ndiye humpigia kwa kadi, na kila mara ni namba nyingine.

3. Kwamba mizigo minane niliigawa wakati wa mkutano, nikaamka Jumamosi na mitatu tu, nikamshukuru Mungu mapema mno. Wa kwanza ulikuwa kanda ya video ya harusi ya Kipngetich, muumini mwenzetu, ambayo binamu yake Jerotich alipaswa kuichukua stesheni saa tatu. Saa tatu nikampigia. Alikuwa njiani. Saa tatu na nusu alikuwa njiani kabisa. Saa nne kasorobo nilisikia maji ya bafu yakimwagika nyuma ya sauti yake, naye yuko njiani. Bupe ananiambia, "Jamani kaka Boni, punguza presha, mwenzetu anakuja." Treni yangu ikaondoka saa nne kamili mbele ya macho yangu, milango yake ikijifunga taratibu bila kelele. Wazungu wana treni zenye adabu sana.

Jerotich alifika saa nne na dakika ishirini, amependeza, ananukia, na ana mifuko sita. Unajua desturi yetu: aliyekuletea kitu harudi mikono mitupu, wala aliyemtuma. Koti la Kipngetich, chokoleti za watoto wa Kipngetich, viatu vya mama mkwe wa Kipngetich. Nilitoa kanda moja nikapokea mifuko sita. Na nilivyosikia baadaye, ile kanda haikubali kucheza kwenye mashine za kule.

Halafu mpwa wa shemasi akapiga simu kutoka Cologne kusema kwamba hataweza kuja, na kwamba tumwachie sufuria "mtu yeyote." Nilisimama katikati ya stesheni nikimtafuta huyo mtu yeyote. Sikumwona.

4. Kwamba Domina alibishana na karani wa tiketi kwa Kifaransa mpaka tukahamishiwa treni ya saa nane, na badala ya kukaa kimya kwenye benchi kama watu wastaarabu, wenzangu waliamua kuupeleka mzigo wa Mama Anysie. Nilipinga. Nilisema upelekwe kwa posta. Nyaguthii akatoa ramani alizochapisha kazini, karatasi tisa, akasema, "Wacha kunistress, Mwalimu. Nimeprint kila kitu." Alikuwa ameprint barabara za Brussels zote, ila hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa "nyuma ya saluni."

Mheshimiwa Katibu, Matonge ni mtaa wa saluni. Nilihesabu kumi na saba kabla sijachoka. Tulizunguka watu wanne na masanduku manne, mifuko sita na sufuria ya umeme, Domina akiuliza kila mlango, "Yohan wa Mama Anysie, wa Uvira?" Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu mbinu hii ya kijinga, isiyo na msingi wowote katika jiografia, ilifaulu. Kwenye saluni ya tisa mama mmoja aliyekuwa anasuka akaelekeza kwa kitana bila kugeuka. Yohan akatufungulia mwenyewe.

5. Kwamba hakuna aliyenionya. Tangazo lako halikusema lolote, na mwaka mzima nilikuwa nakaa kiti kimoja na Mama Anysie bila kujua. Kumbe Yohan ni mwanawe, na walipotezana mwaka 1996 kwenye vita vya kwao Kongo, mtoto ana miaka kumi na miwili, akakimbia na mjomba upande mmoja na mama upande mwingine. Mama akaja kufikia Maryland, mtoto akafikia Ubelgiji, wakaja kupatana kwa simu mwaka jana tu. Sasa mtoto ana miaka ishirini na mmoja. Ni mrefu kuliko mlango wake. Akakata ule uzi kwa meno, akatoa sweta.

Sweta jekundu la kufuma kwa mkono, zuri, lenye vifungo vitatu begani. La mtoto wa miaka kumi na miwili.

Akaliingiza kichwani, akalivuta, mikono ikakomea kwenye viwiko na kiuno kikakomea mbavuni, akasimama hivyo hivyo mbele yetu kama mtu anayepimwa na fundi. Bupe akageukia dirishani. Mimi nililia, Dada. Nalalamika rasmi kwamba nililazimishwa kulia mbele ya wanawake watatu, mchana kweupe, bila taarifa ya awali.

Kisha akampigia mama yake, sweta likiwa mwilini, na nikamsikia akisema, "Maman, inanitosha sawa-sawa." Na kabla sijajua kitu, simu iko sikioni mwangu, Mama Anysie ananiuliza mimi, mzee wa kanisa, kama ni kweli. Nikamwambia limemkaa vizuri sana. Kwa hiyo niandikie pia uongo huo kwenye orodha. Sijawahi kudanganya kwa umbali mrefu hivyo.

6. Kwamba baada ya hapo nilinyanyua sanduku niondoke, na Yohan akasimama mlangoni. "Mwikale, mukule kwanza." Nikamwonyesha saa. Akaonyesha sufuria yake jikoni. Alikuwa ndiyo kwanza anabandika maharage, na unajua maharage hayana haraka na mtu. Nyaguthii akakaa. Bupe akakaa. Domina akafunga kitenge kiunoni akaenda kusonga bugali. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama na koti, mpaka kijana akaja akanivua hilo koti taratibu, vile ninavyowavua wazee wangu kazini. Tulikula saa tisa. Treni ya saa nane ilikuwa inakaribia kufika Paris bila sisi.

Nakiri kwamba maharage yalikuwa mazuri. Hilo halipunguzi kosa. Nakiri pia kwamba kabla ya kuondoka nilifungua tai yangu nikampima kijana mkono na mgongo, nikaweka alama kwa kalamu, lakini hiyo ni tabia tu ya mwalimu.

7. Kwamba tulifika Paris giza limeshaingia, mvua inanyesha, na hoteli iko karibu na uwanja wa ndege, upande mwingine kabisa. Mnara niliuona, ndiyo. Niliuona stesheni kwenye bango la dawa ya meno, msichana anacheka mbele yake, na hata hapo Nyaguthii alikuwa amesimama katikati akiwa amebeba sufuria ya shemasi. Sufuria hiyo imevuka bahari mara mbili na imerudi Beltsville, na mke wa shemasi ameniuliza kwa nini boksi limebonyea.

Sasa kila Jumapili Kipngetich, ambaye nilimfundisha darasa la sita na leo anaendesha basi Rockville, ananipungia mkono tokea mbali: "Mwalimu, mnara vipi?" Ananiuliza akiwa amevaa koti nililombebea mimi.

Kwa sababu hizo zote, naiomba ofisi yako itekeleze mambo yafuatayo bila kuchelewa. Kwanza, safari ya muumini isitangazwe tena. Anayesafiri aondoke kimya kimya, na akiulizwa aseme amelazwa. Pili, kati ya wimbo wa pili na sadaka pawe na somo fupi la jiografia, nitalifundisha mwenyewe, na mtihani uwepo, na asiyejua Cologne iko nchi gani asiruhusiwe kumtuma mtu hata bahasha. Tatu, akina mama wote wanaofuma wakabidhi sindano zao kwa mweka hazina mpaka watakapoleta vipimo halali vya mvaaji. Nne, maharage yapigwe marufuku siku za safari, hapa na ng'ambo. Na tano, likishindikana lolote kati ya hayo, basi kanisa liiondoe Ulaya kwenye ramani iliyo ukutani pale ukumbini, ili watu waache kuifikiria.

Nisalimie mzee wako, watoto, wanakwaya wote wa sauti ya tatu, na hata shemasi. Kipngetich usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi niliyebeba na kuchoka,

Boniface Mutai
(Mwalimu, mstaafu wa chaki)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Jana jioni Mama Anysie alikuja kwangu akaniuliza mikono ya sweta ilikomea wapi. Nikatazama dari. Akasema nisihangaike, aliijua sauti ile kwenye simu, haikuwa sauti ya mtoto wa kutoshwa na lile sweta. Alitaka tu kusikia nitasema nini. Basi nikampa ile tai. Aliinyoosha juu ya meza, akaweka kiganja kwenye alama moja na kiganja kingine kwenye alama ya pili, akakaa hivyo muda mrefu akiutazama urefu wa mkono wa mwanawe. Ameanza kufuma upya, na safari hii hampi mtu. Anataka kumvalisha mwenyewe. Hati yake ya kusafiria imelala ndani ya Biblia tangu mwezi wa tatu, kwa sababu anaogopa ndege, na anaogopa akitoka hataruhusiwa kurudi. Nimemwambia tutapanga foleni moja ya uhamiaji, mimi mbele na yeye ameshika koti langu.

Kwa hiyo, Dada Euphrasia, tafadhali tangaza Jumapili hii kwamba Mwalimu Mutai anakwenda Brussels wakati wa Pasaka. Ni Brussels tu, siku zote nane, Paris sipiti. Mwenye chochote aonane nami. Na ile sufuria ya shemasi nayo iletwe. Nimeangalia ramani vizuri: Cologne ni hapo tu.