Taarifa ya Kupotea kwa Sajini Halvorsen

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi wa Mji,

Salamu nyingi. Mimi ni Verna Okemow, mpishi wa jiko la kanisa mtaa wa chini. Hapa kila mtu ananiita Shangazi. Naandika kukuarifu kwamba Sajini wako Halvorsen amepotea. Tangu mwezi wa tisa nimempigia simu mara arobaini na moja, hapokei. Ndiye mwenye jalada la Rochelle, mtoto wa kaka yangu, na la wenzake wanne waliotoweka mtaa huu huu.

Sitaki upendeleo, Mheshimiwa. Nimejibu maswali yale yale aliyoniuliza yeye nilipokuja kuripoti kwamba Rochelle haonekani.

1. Ana anwani ya kudumu? Aliniambia Rochelle, kwa kuwa leo analala hapa kesho pale, hawezi kupotea, maana hakuna mahali alipokosekana. Sajini naye hayupo ofisini, hayupo kwenye gari, hayupo kwenye simu. Basi huenda naye hajapotea. Mimi nimechanganyikiwa.

2. Ni mtu wa starehe? Sajini aliniambia, "Mama, hawa wasichana wako wanapenda kujirusha, wakichoka watarudi." Yeye mwenyewe nimemwona kwenye kamari ya bingo mara mbili, na akishinda anapanda juu ya kiti. Simhukumu.

3. Alipotelea upande gani wa daraja? Upande huu ni wenu, ule ni wa polisi wa mkoa. Rochelle alionekana mwisho akipanda gari la kijivu katikati ya daraja. Basi mkanituma kule, kule wakanirudisha huku, mara sita, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, mpaka kope zikaganda. Nashauri daraja livunjwe. Kosa ni la daraja.

4. Namba za gari hilo, KRV 318, wasichana wote wa mtaani wanazijua kwa moyo, wakiliona wanakimbia. Sajini aliziandika juu ya kasha la donati. Nilipoulizia, akasema, "Aah, Mama, lile kasha si limeshatupwa!"

Nimetafakari nikaona si roho mbaya, ni kutojua tu. Masikini, hakuna aliyewafundisha kutafuta mtu! Hamna mbwa, hamna helikopta, hamna watu. Njooni jikoni Jumamosi, sisi wanawake tuwafundishe: unauliza jina lake, unatoka nje, unaangalia. Chai ipo, na mkate wa kukaanga upo.

Namhitaji Sajini, Mheshimiwa. Rochelle ana miaka ishirini na miwili, na mama yake habanduki dirishani.

Nisalimie karani wa mapokezi, dada wa simu aliyechoka na sauti yangu, na wote wanaojua jalada letu liko kabati gani.

Wako mwenye vidole vilivyoganda,
Verna Okemow

Tanbihi: Naifuta taarifa yote. Kabla sijabandika stempu, gazeti la leo limeingia jikoni. Kumbe jana Sajini alichelewa kurudi kutoka kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda barafu, mkewe akapiga simu, na ndani ya saa mbili mkatoa helikopta, mbwa kumi na mmoja na polisi wa pande zote mbili za daraja. Mkamkuta kwenye kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu, amesinzia. Hongereni. Kumbe mnajua!

Pichani Sajini anampa mkono msamaria mwema aliyelivuta gari lake kutoka kwenye theluji. Nyuma yao kuna gari la kijivu, na namba zake zinasomeka vizuri kabisa: KRV 318. Picha nimeikata, iko humu ndani ya bahasha. Nawasihi, msiifungie donati.