Malalamiko Kuhusu Nyumba Mpya Inayopasukapasuka

Kwa Kaname, mjukuu wangu, mwenye nyumba ya mbao mbichi,

Tangu theluji iyeyuke hujakanyaga hapa. Figili nilizokutilia chumvi zimechacha mpaka wapita njia wanaziba pua. Kama miguu inakuuma, sema. Kama ni aibu, hapo nakuelewa, maana nyumba yako nimeiona. Mimi sikusoma, kalamu ameshika Tokiwa wa jirani, na nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Umeniomba nihamie kwenu kabla ya baridi. Ombi nimelipokea kwa heshima, na ninalikataa kama ifuatavyo.

1. Huku kwetu mwerezi ukiangushwa hulazwa mlimani na majani yake yote. Majani hayana habari kwamba mti umekufa. Yanaendelea kunywa maji yake mpaka shina linakuwa jepesi. Wewe ukawaambia mafundi wapogoe siku ileile, eti mahali paonekane safi. Umewafukuza wanywaji, pombe yote imebaki mtungini, na mtungi ndio nguzo yako.

2. Mti usipokaukia mlimani utakaukia juu ya kichwa chako. Nilipokuja kunywa chai, boriti zilikuwa zinalia ta, ta, ta. Mkeo Chinatsu akasema, "Bibi, usiogope, ni nyumba inatulia." Nikamwambia, "Mwanangu, hii haitulii, hii inaondoka." Sakafu nayo imesinyaa, imeachia nyufa zilizomeza vijiti vyangu vya kulia, vyote viwili. Panya wa chini sasa anakula kwa adabu kukushinda.

3. Chinatsu ni mjamzito, na kitoto kichanga hakilazwi penye ukungu ukutani. Kwa hiyo naomba rasmi aahirishe kujifungua mpaka mbao zikauke. Miaka miwili inatosha, mitatu ndiyo heshima. Mkunga nimemweleza, akacheka. Nikamweleza tena, akavaa viatu.

4. Ikishindikana, ibomoeni. Nguzo zirudi mlimani, kila moja ifungiwe matawi ya majani. Nitafunga mwenyewe, mgongo uume usiume.

5. Na hilo likiwa gumu, basi hamieni kwangu nyote watatu kabla ya theluji. Nyumba yangu ni kavu, na magodoro nimekwisha kuyaanika. Sisemi hivi kwa upweke. Ningekuwa mpweke ningesema.

Msalimie Chinatsu, na tumbo lake lisalimie kando, lisichanganywe na salamu za watu wazima. Wasalimie wakwe zako. Yule fundi wako mwambie bado namtafuta.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekununia,
Kinuyo

Nyongeza: Tokiwa ameweka kalamu chini, anasema haitii barua kwenye bahasha mpaka niseme yote. Haya. Nyumba yangu hii babu yako aliijenga kwa mierezi iliyokuwa ingali inachuruzika maji, kwa sababu baba yako alikuwa njiani na hatukuwa na pa kumlaza. Alizaliwa humuhumu, akanenepa mpaka majirani wakauliza tunamlisha nini. Ila mlango wa jikoni haujakubali kufungika hadi leo. Kwa hiyo siku ya kumleta Chinatsu, beba na randa.