Koti la Kaka na Luka Sura ya Sita

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. Kosa si la aliyenivua. Kosa ni la mdomo wangu, na kidogo la Luka.

Nawaandikieni ninyi wenzangu wa bweni kwa sababu hapa Tabora sina wa kumwambia. Watu wote ama walikuwepo, ama wameshaambiwa.

Kwanza mjue habari za shati langu. Mnalikumbuka, lile jeupe. Kola yake ikichakaa nampelekea Fundi Saidi, mshoni wa mtaa wetu huu wa Ng'ambo, naye anakata kitambaa mgongoni na kushona kola mpya. Juzi nilimpelekea tena. Akalinyanyua, akanitazama mimi kwa kupitia ndani yake.

"Mwanangu, hii kola ya tatu. Mgongo umekwisha. Safari ijayo nikate wapi?"

"Wewe kata tu, mzee. Nitavaa koti."

Basi shati langu lina kola safi kabisa, lina kifua, lina mikono. Nyuma halina kitu. Nyuma ni mimi mwenyewe.

Koti nalo ni la kaka Mihayo, karani kule Urambo kwenye tumbaku. Aliliacha kwa mama litunzwe, maana Jumamosi anakuja kulivaa aende ukweni. Mama alilitundika nyuma ya mlango akasema asiliguse mtu. Nimeligusa.

Kwa nini? Kwa sababu ya Milka.

Milka ni binti wa Mama Yemima, mjane, mzee wa kanisa letu la Moravian. Kila Alhamisi alasiri tunakaa sebuleni kwa huyo mama, watu saba wanane, tunasoma Injili. Tangu nimalize shule sijakosa Alhamisi hata moja. (Mama yangu anafikiri nitakuwa mchungaji. Namwacha afikiri.) Milka hukaa upande wa dirishani, na akisoma huweka kidole chini ya mstari kama anayemshika mtoto mkono. Miezi yote hiyo sijamwambia neno zaidi ya "habari za nyumbani". Yeye hujibu "njema". Mimi narudi nyumbani na hiyo "njema" yangu, naila wiki nzima.

Na leo ndiyo ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho. Anakwenda Dodoma kusomea ukunga, kwa treni ya jioni hii hii.

Shauri langu lilikuwa jepesi. Tusome, tuombe, kisha nijitolee kumbebea sanduku hadi stesheni, na njiani nimwambie. Nimwambie nini? Aningoje. Basi. Neno moja tu. Lakini neno kama hilo mtu halisemi akiwa na shati lisilo na mgongo. Linataka koti.

Nikafika saa tisa. Jua kali. Nikachagua pa kukaa ukutani, nikaegemea.

"Elia mwanangu, vua koti," akasema Mama Yemima. "Unatoka jasho."

"Nina homa kidogo, Mama."

"Pole. Tutakuombea."

(Shikeni hapo. Niliposema homa nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo naanza.)

Mara akaingia mgeni, Bwana Kondo. Huyu ni Mluteri aliyehamishiwa hapa relwe, kazi yake ni kugeuza reli pale stesheni ili treni ishike njia yake. Na ni Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Hapo hamhitaji kuelezwa, lakini kama kuna mgeni anayeisoma barua hii juu ya mabega yenu: babu zetu walipita kwao na mizigo kwenda pwani, na tangu hapo sisi ni watani. Mtani akitukana unacheka. Mtani akichukua kitu chako unamwachia, kisha unakwenda kukigomboa kwa kuku. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Mwangaluka, wapagazi!" akasema mlangoni.

(Hiyo ni salamu yetu Wanyamwezi, ya asubuhi. Mzaramo hata salamu hajui imechelewa.)

"Karibu, mtani," nikamwambia. "Leo ngoma haipo huko kwenu?"

"Ipo. Nimekuja kutafuta wa kunibebea."

Watu wakacheka. Milka naye akacheka kidogo, kichwa chini. Nikasema moyoni, leo ni siku yangu.

Tukafungua Luka sita. Mama Yemima husoma hivi. Mstari mmoja, kimya. Mstari mwingine, kimya, anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Mimi roho inaruka. Treni haingoji miwani! Tukafika pale Bwana Yesu anapofundisha kwamba mtu akikunyang'anya vazi la juu, mwachie na la ndani. Mama akauliza nani ataeleza.

Watu wakainamia Biblia zao. Nikaona hii itachukua hadi Pasaka. Nikasema, "Mimi."

Jamani, nilieleza! Nilieleza kama niliyetumwa. Nikasema tatizo letu tunasoma kwa macho, hatusomi kwa mikono. Nikasema neno hili halitaki majadiliano. Ukinyang'anywa leo, toa leo, tena kwa furaha. Nikasema mtu anayeshikilia nguo yake mbele ya Injili hajaanza hata kuamini. (Nguo yake! Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki!)

Milka aliinua macho, akanitazama. Si kidole, si mstari. Mimi. Wenzangu, ningeweza kufia hapo na ingekuwa nafuu.

Bwana Kondo akakohoa.

"Mtani. Hayo uliyosema ni kweli, au ni ya darasani?"

"Kweli tupu, mtani."

"Basi lete koti."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikingoja amalize utani wake. Hakumaliza. Alinyoosha mkono, ukakaa pale hewani, mkono mkubwa wa kugeuza reli.

"Ana homa huyo," akasema mama mmoja.

"Dada, Luka hakusema 'isipokuwa mwenye homa'. Hata mwalimu wetu hakusema."

Nikamtazama Milka. Alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikapiga hesabu: nikikataa, mimi ni mnafiki, na Mnyamwezi aliyeshindwa na utani wa Mzaramo, vyote viwili kwa siku moja. Nikikubali, je, mgongo? Lakini mgongo uko ukutani! Nikavua lile koti polepole nikiwa nimekaa, mkono mmoja, mkono wa pili, bila kuachana na ukuta. Kola inang'aa mbele. Nikampa.

"Amina!" watu wakasema. Mama Yemima alifuta macho. Bwana Kondo akalikunja koti la kaka, akaliweka kwapani.

Ningekaa hapo hapo ukutani hadi wote waondoke, leo mngesoma habari nyingine.

"Sasa huyu kijana," akasema Mama Yemima, "ametoa koti huku ana homa. Hatuwezi kumwacha hivi. Elia, njoo katikati upige magoti tukuombee."

"Nimepona, Mama."

"Njoo."

"Mama, nimepona kabisa. Nasikia baridi imeondoka yote..."

"Elia."

Mama huyo hakataliwi. Nikaenda. Nilikwenda kwa ubavu kama kaa, nikapiga magoti uso nikiwaelekezea wao. Lakini watu wanaoombea mtu hawakai upande mmoja! Wanamzunguka. Wakafumba macho, wakaja, wakanyoosha mikono. Mama Yemima alikuwa nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Ee Bwana, mguse mtumishi wako Elia, kama ninavyomgusa mimi..."

Mkono ukapanda juu kidogo. Ukashuka. Ukaenda kulia, ukarudi.

"Ee Bwana... mbona hapana shati?"

Macho yote yakafumbuka.

Sitawaeleza kicheko kile. Mama mmoja alikaa chini sakafuni, miguu mbele. Bwana Kondo aliegemea mlango na koti langu (la kaka!) akajifutia nalo machozi.

"Jamani, msimcheke mtani wangu! Vazi la ndani alikwisha litoa kabla hajaombwa. Nusu yake!"

Na Milka? Milka alicheka hadi akafunika uso kwa Biblia. Nilikuwa nimengoja miezi yote hiyo nisikie kicheko chake kizima. Nimekisikia. Kizuri sana. Sikutaka kukisikia namna ile.

Mama Yemima peke yake hakucheka. Alivua kanga mabegani mwake, akanifunga nayo mgongoni, fundo kifuani, kama mtoto wa kubebwa aliyepotelewa na mbebaji. "Na homa?" akaniuliza chini chini.

"Hapana homa, Mama."

"Najua. Chukua sanduku."

Basi sanduku nilibeba. Sikukosea hilo. Nikapita katikati ya Ng'ambo na sanduku kichwani na kanga ya maua mgongoni, mpagazi kamili, na Bwana Kondo pembeni akiwaeleza wapita njia. Tulipopita kwa Fundi Saidi, yeye akasimamisha cherehani. Aliniangalia tu. Akatikisa kichwa.

Milka alitangulia na mama yake. Njia nzima niliona kisigino chake na pindo la gauni. Lile neno langu moja lilikuwa limekaa kinywani kama punje ya mchanga, siwezi kulitema, siwezi kulimeza. Ninamwambiaje mtu aningoje, nikiwa nimevaa kanga ya mama yake?

Stesheni baridi ya Juni ilikwisha anza. Milka alipanda, akakaa dirishani. (Daima dirishani.) Gauni lake jepesi. Bwana Kondo akaja na koti. Nikanyoosha mkono, nikasema asante mtani, kuku nitakuletea kesho.

Akanipita. Akalipenyeza koti dirishani.

"Binti, huko mbele usiku ni baridi. Mtani wangu amekupa. Au siyo, mtani?"

Mama Yemima akanitazama. Milka akanitazama. Kaka Mihayo, nafikiri, alishtuka huko Urambo bila kujua sababu.

"Ndiyo," nikasema.

Akalivaa. Mikono ilimzidi, vidole vikapotea ndani. Sijaona koti likimkaa mtu vibaya namna ile, na ningelitazama mwaka mzima. Filimbi ikalia. Akainama.

"Elia."

(Jina langu! Si "njema"!)

"Likizo nitalileta mwenyewe. Usimtume mtu kulifuata. Umesikia? Na mgongo wa shati uutie kitambaa."

"Likizo lini?" nikapiga kelele, lakini treni haikungoja jibu. Nilikimbia kidogo pembeni yake hadi fundo la kanga likalegea, nikarudi.

Watu waliondoka. Mimi nilibaki nikitazama reli zinavyokwenda mashariki mpaka zinakuwa moja. Bwana Kondo akaja akasimama karibu, naye akazitazama. Kisha akasema, "Kuku awe jogoo."

Sasa niko nyumbani. Mama bado hajatazama nyuma ya mlango. Nasikia baridi ya mgongo na sijui kama nifurahi. Dodoma ni mbali, na likizo ni mbali kuliko Dodoma.

Tafadhali msicheke. Kaka anakuja Jumamosi, na koti lake limekwenda kusomea ukunga.