Vita vya Finjani Isiyotikiswa

Njooni, enyi mliofaulu mitihani mkarudi nyumbani na pongezi tupu! Kaeni kitako, nikusimulieni vita vya Hashil bin Saud, simba wa idara ya maji pale Nizwa, ng'ambo kwa Waarabu, aliyekuwa kaimu mkuu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na cheo kamili akikisikia kwa jirani.

Jueni kwamba cheo hicho hakikupatikana ofisini. Wallahi hakikupatikana! Kiligaiwa Ijumaa asubuhi huko Birkat al Mauz, katika shamba la Mzee Harub, ambako wazee waliosoma skuli moja Unguja hula mbaazi kwa mandazi na kuitana majina ya utotoni, na sahani haijaondolewa, mtoto wa fulani kashakuwa mkurugenzi. "Sisi hatupendelei mtu," husema. "Tunajuana tu."

Wiki hiyo ikavuma kuwa cheo atapewa Bassam, mkwewe Mzee Harub, asiyejua bomba hufungwa upande gani. Hashil akavaa kilemba chake cha Idi, akaenda vitani.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, baba. Karibu kahawa."

Na ada ya kahawa mnaijua: mgeni akitosheka hutikisa finjani, asipotikisa humiminiwa tena, na mwenye nyumba hainuki mgeni akinywa. Hashil akanywa, hakutikisa. Akamiminiwa, akanywa, hakutikisa. Dele la kahawa likaisha, likaja jingine. Moyo ukamwenda mbio, naye kaganda kitini kama kapigiliwa misumari. Sala ya Ijumaa ikakaribia, na wazee hawajakoga.

Mzee Harub akanguruma: "Ewe kijana! Huna huruma na moyo wako? Usingizi utaupata wapi leo?"

"Ammi, usingizi ulinikimbia siku niliyoitwa kaimu. Mimina!"

"Baba yako tulisoma naye?"

"La. Marehemu alikuwa mtu wa Pemba, skuli yenu hakuikanyaga. Mimina!"

Wazee wakasema astaghfirullah. Mzee Harub akatazama saa, akatazama dele, kisha, kwa mkono wa jemadari aliyezingirwa, akainua simu akampigia mpwawe, mkurugenzi mwenye kutia saini vyeo: "Musallam, mwanangu, yule kaimu wa maji, mpe. Bassam mtafutie kwengine."

Hapo ndipo Hashil akaitikisa finjani, na bonde zima likapumua. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, idara ikatangaza kuwa ameshinda kwa ushindani ulio wazi.

Ijumaa iliyofuata alikaa ubavuni mwa Mzee Harub, kapewa na jina la utotoni, ingawa utoto wake hakuna aliyeuona. Mara akaingia Hisham wa Samad Ash Shan, kaimu wa barabara, kilemba kipya, macho kwenye dele.

Hashil akakohoa. "Wazee wangu, kwa siha zenu, mgeni na apewe finjani moja tu."

"Mashaallah!" wakaitikia. "Kijana ana hikma huyu!"

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo ngome ya Birkat al Mauz ilipata mlinzi shujaa, na Hisham akaonyeshwa viatu vyake.