Malalamiko Kuhusu Kiazi, Kibuyu na Mkono Wangu wa Kushoto

Abuku, Koboko

Kwa Mzee Drateru,
Msemaji wa ukoo wa Ritah, Aroi.

Mzee wangu mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa mbele yako kumeshaniletea shida. Mimi ni Moris Loku, karani, yule kijana mliyemfukuza Jumamosi alipokuja kujitambulisha kwa ajili ya Ritah. Sipingi kufukuzwa. Nalalamikia sababu:

1. Shangazi Candiru ndiye aliyeniuliza nilisomea nini chuoni. Nilisomea viini vya atomu, na mkubwa akikuuliza humnyimi jibu. Nikachukua kiazi kitamu sahanini, kile kilichobonyea, ambacho urefu, upana na unene wake havilingani, nikakizungusha kwa mkono wa kulia. Nikasema viini vichache vina umbo kama hilo. Ndipo wewe ukaninyoshea kibuyu cha maji. Mkono wa kulia ulikuwa na kiini. Nikapokea kwa kushoto.

2. Shangazi akapiga kelele: "Wee mutoto! Ile mukono iko na kazi yake, na kazi yake haiko hapa!" Mjomba mmoja akadakia: "Peleka yeye timu ya Onduparaka, golikipa iko nadaka mupira na mukono yote!" Mkacheka, mkanitoza mbuzi, mkasimama. Hakuna aliyeniacha nimalize, na sehemu iliyobaki ndiyo utetezi wangu.

3. Katika kiini cha namna ile, protoni moja huzunguka kwa mhimili wake, nafasi iliyoachwa na nyutroni kwa mhimili wake, na mwili wa kiini kwa mhimili wa tatu. Nyosha kidole gumba, cha shahada na cha kati (faraghani, Mzee, Shangazi asione). Mihimili hiyo yaweza kujipanga kama vidole vya mkono wa kulia, au vya kushoto. Kwa hiyo wapimaji huona ngazi mbili za nishati zikipanda sambamba, karibu sawa, kama pacha walioshonewa kitambaa kimoja. Hakuna pacha anayefukuzwa. Sisemi kibuyu chako kina viini hivyo. Sijakipima, na singethubutu.

4. Kwa kuwa maumbile hayabagui, naomba ukoo uruhusu mkono wa kushoto upokee maji, baadaye ugali, na, baada ya kuangaliwa kwa muda, mke.

5. Mkikataa, nitalazimika kumleta mbuzi wa faini bila miguu ya kushoto, nisije nikawatukana mara ya pili. Itabidi abebwe.

Naomba uharakishe, Mzee. Ritah amenipigia simu kwamba kuna mwalimu wa Arua mjini ameanza kuwatembelea, na inasemekana mikono yake yote ina adabu. Amesema hatanisubiri nimalize fizikia. Tangu hapo sili.

Wasalimie wajomba wote, hata yule wa Onduparaka. Msalimie Shangazi, ukiwa mbali naye kidogo. Msalimie Ritah kwa sauti ya kawaida.

Ni mimi mwanao, nikiruhusiwa,
Moris Loku

Tanbihi: Jogoo wenu alifika jana. Sulaiti, mliyemtuma, anasema ni ishara kwamba mmenisamehe na nije Jumamosi. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika baiskeli, akanikabidhi jogoo kwa kushoto. Mzee, mimi nimelelewa. Nimemrudisha jogoo pamoja na barua hii.