Kabati la Angela Halina Mimba

Karakana ya Fundi Telesphor,
Makanyagio, Mpanda,
Katavi.

Kwa Mkuu wa Kiwanda cha Simu,
Huko huko zinakotengenezwa.

Ndugu Mkuu wa Kiwanda,

YAH: SIMU YENU KULITIA TUMBO KABATI LISILO NA TUMBO

Natumaini wewe na mafundi wako hamjambo. Mimi sijambo, tena sijambo yangu si ya kawaida, maana anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kunywa maji ya Mpanda. Simu hii ninayoilalamikia sikuinunua. Niliishinda katika bahati nasibu kule Tabora, mbele ya umati. Jina langu lilikuwa la kwanza kabisa kutoka kwenye pipa, na watu wa Kigoma na Sumbawanga wakabaki wameshika vikaratasi vyao kama watu waliofiwa. Ndivyo nilivyo. Nikienda kuvua, samaki wanapanga foleni. Nimetembea pia. Dar es Salaam nimefika, bahari nimeiona, nikaiambia wazi kwamba ziwa letu Tanganyika linaishinda kwa kina. Haikujibu.

Nayasema haya si kwa kujivuna, ila ujue kwamba huyu si mtu wa kulalamika ovyo.

Mimi ni fundi seremala. Angela ni binti wa marehemu kaka yangu Damiano, kwa hiyo ni binti yangu, na anaolewa Karema. Kwa wakwe zake kuna desturi: siku ya harusi haitajwi mpaka mama wa bwana harusi aone kabati la vyombo linalotoka kwa baba wa binti. Zamani alikuwa anakuja mwenyewe, anafungua milango, anapitisha kidole kwenye rafu, anagonga mbao kama daktari anayegonga kifua. Siku hizi mama huyo, Mama Helena, magoti hayamruhusu kusafiri, basi kabati linapigwa picha, linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na wazee wanalikagua wakiwa wamekaa. Kaka yangu hayupo. Heshima ya binti imebaki mikononi mwangu. Kabati lile nililichonga kwa mninga uliokauka, nikawa naliimbia huku napiga randa, likasimama wima kama katekista siku ya ziara ya askofu.

Ndipo nikachukua simu yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karakana yangu ni nyembamba. Hata nikibana mgongo kwenye ukuta wa nyuma, kabati halienei kwenye kioo. Jirani yangu Gideon, fundi baiskeli, akaniambia, "Fundi, litoe nje, halafu wewe rudi nyuma." Nikamjibu kwamba mtu aliyefika Dar harudishwi nyuma na mtu wa pancha. Nikabonyeza kale kanamba ka nusu, 0.5, mlikokaweka chini ya kioo, kabati lote likaenea, miguu mpaka kichwa. Nikashukuru, nikatuma. Kumbe simu yenu imeshalitia tumbo. Nguzo zimetanuka katikati kama mtu aliyemaliza sufuria ya wali wa Mpimbwe peke yake. Kwenye kundi shangazi mmoja akaandika, "Hilo kabati linajifungua lini?" Mwingine akaandika, "Msilicheke, huenda ni mapacha." Mama Helena hakuandika. Alituma sauti, kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Mkwe, nyumba inayoanza na kabati lililopinda, sahani zake huishia sakafuni. Siku tutaitaja tukishaona kabati."

2. Ili kusafisha jina, nilimsimamisha mke wangu Scolastica pembeni ya kabati, ameshika sahani, watu waone kwamba mambo ni ya kawaida. Simu yenu ilimvuta kichwa kikawa kama papai lililoiva, na mkono wenye sahani ukarefuka hata ungeweza kuhudumia meza ya jirani. Ukoo mzima wa Karema umemwona hivyo. Tangu siku hiyo naletewa ugali na mboga ya jana, na neno moja tu: "Kula, mpiga picha."

3. Nilitundika timazi mbele ya kabati, maana timazi haina ukoo wala upande. Kamba na jiwe, basi. Nikapiga picha. Kamba ikatoka imepinda. Ndugu Mkuu, hapa ndipo nilipokaa chini. Kamba ya timazi inanyooshwa na dunia yenyewe, tangu kabla babu zetu hawajajua msumari. Kama simu yenu inabishana na mimi, sawa, mimi ni mtu mdogo. Lakini inabishana na dunia.

4. Basi nikatumia akili, na asije mtu akasema Mpanda hakuna akili. Kama simu inatoa tumbo nje, fundi analirudisha ndani. Nililifumua kabati lote. Nikachonga nguzo upya, nene juu, nene chini, katikati zimeingia ndani. Nikalibana kiuno. Gideon akaja, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuta msiba, halafu akauliza, "Hili unamchongea Angela au unamchongea nyigu?" Nikampuuza. Nikapiga picha kwa kale kale kanamba ka nusu. Kabati likatoka limenyooka kama rula ya mwalimu. Kundi likajaa makofi. Mama Helena akatuma sauti nyingine: "Sasa hili ni kabati. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tuwe kanisani." Siku hiyo hata mboga ilikuwa ya leo.

5. Shida sasa ni kwamba kabati linaondoka kesho kwa lori la Fuso, na macho ya watu wa Karema hayana kanamba ka nusu. Milango yake inafungwa kwa goti. Rafu ya katikati haipokei sahani, inapokea vikombe, tena vile vya kahawa. Angela alikuja jana kuliangalia. Alilizunguka lote. Nilitegemea alie, nimbembeleze, yaishe. Hakulia. Alisema, "Baba Mdogo, mimi hata vyombo nikivipanga kwenye ndoo nitaishi. Ila wasije wakasema baba yangu hakuacha mtu." Neno hilo mpaka sasa linanichoma kama mwiba wa mgebuka, samaki wa ziwa letu.

Kwa hiyo nyie wenye simu ndio mmetufikisha hapa, na nyie ndio wa kututoa. Naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, mtume mtu mmoja wa kiwandani, mwenye adabu, akae nyumbani kwa Angela kule Karema, ashike simu mbele ya kabati, na kila mgeni alitazame kupitia kioo. Chakula atapewa. Akipendwa huko akaoa, sisi hatutazuia, ila na yeye atachonga kabati.

Hilo likishindikana, mtengeneze miwani yenye nusu hiyo hiyo, wavae Karema nzima, kuanzia Mama Helena. Padri asisahauliwe, maana ndiye atakayebariki vyombo. Wavuvi wapewe mwisho kabisa, wakiona mitumbwi ina matumbo watadhani imeshajaa, warudi nyumbani.

Na hilo nalo likishindikana, basi mtangaze duniani kote kwamba kuanzia sasa kilichonyooka ni kile simu inachosema kimenyooka. Nyumba zote zibomolewe, zijengwe upya zikiwa na viuno. Sisi tutaanzia mtaa wa Majengo. Milango, vitanda, misalaba ya makaburini, vyote. Kazi ya Mpanda nitaisimamia mimi mwenyewe, na Gideon nitamtafutia nafasi ya kubeba mbao, kwa sababu sina kinyongo.

Barua hii nitaiacha kwenye duka la simu pale Majengo, wairudishe pamoja na maboksi matupu. Nisalimie mafundi wako wote, wake zao, na watoto wao wanaosoma. Yule aliyeweka kanamba ka nusu mwambie simchukii, lakini akija Katavi asipite njia ya Makanyagio.

Ni mimi mlalamikaji wako, niliyenyooka,

Fundi Telesphor

N.B. Wakati natafuta bahasha, Scolastica alikuja akachukua simu. Akakaondoa kale ka nusu, akabonyeza kanamba ka moja. Akatoka nje, akavuka barabara, akarudi nyuma mpaka alipogusa sufuria ya maharage ya mama wa mgahawa, akapiga picha mlango wa karakana. Umenyooka. Akatundika timazi mlangoni, akaipiga picha. Imenyooka. Kwa hiyo simu yenu haina kosa, na kama mmeshaanza kutengeneza miwani, acheni. Gideon alikuwa anatazama. Hakusema kitu, na nimemwomba aendelee hivyo hivyo.

Halafu Scolastica akatuambia, "Nisaidieni kulitoa hilo nyigu." Tukalitoa. Akalipiga picha vile vile lilivyo, na kiuno chake, na kabla sijamkamata mkono akawa ameshamtumia Mama Helena, pamoja na kisa chote kwa sauti. Tulikaa tunasubiri wote, Angela, tuliyemwita, akiwa katikati. Sauti ikaja. Kwanza ni kicheko, kirefu, mpaka kikohozi kikamshika. Halafu akasema: "Mkwe, kumbe umehangaika hivi kwa ajili ya mtoto. Basi kaka yako aliacha mtu. Mleteni binti wangu, na kabati lake lililokonda lije naye. Huku kuna migebuka, wote watanenepa."

Kwa hiyo yule mtu wa kiwandani asije tena.

Na simu yenyewe ni ya Scolastica, aliinunua kwa mchele wake. Sikushinda bahati nasibu yoyote. Tabora kwenyewe sijafika.